Mtunza Uwanja na Aya Niliyomnyima

Habari ilinikuta Alhamisi asubuhi kwa fundi viatu karibu na stendi ya Same, nikisubiri gundi ya soli ikauke. Kwenye grupu letu la mashabiki, katikati ya ubishi wa penalti tuliyonyimwa wiki mbili zilizopita na tangazo la mtu anayeuza kuku wa kienyeji, mmoja aliandika kwamba mtunza uwanja wetu amefariki alfajiri, hospitalini, baada ya kuugua siku tano. Zikafuata pole nyingi, na kabla pole hazijakatika mwingine akauliza nani atachora mistari Jumapili. Sikumlaumu, maana hata mimi swali hilo lilinijia, ila lilikuwa la pili. La kwanza lilikuwa langu peke yangu: ile aya niliyomwahidi, sasa nitamwandikia nani? Fundi alinipa kiatu changu, nikakishika mkononi, nikabaki nimekaa pale pale na soksi moja vumbini. Nitaeleza ni aya gani. Lakini kwanza niwaeleze mtu mwenyewe, kwa sababu wengi wenu mnamjua kwa utani nilioutunga mimi, hammjui kwa kazi yake.

Alikuwa mtu wa miaka sitini hivi, mrefu, mwenye mabega ya mtu aliyekata mkonge ujanani, na ni kweli aliukata, na siku za mapumziko akaichezea timu ya shamba beki wa kushoto. Hakuwa na maneno matamu. Ukimsalimia atakuitikia vizuri, kisha atakutazama miguuni kuona kama umekanyaga chokaa yake. Aligombana na mbuzi, aligombana na wanaokatisha uwanjani kwenda sokoni, aligombana hata na wahubiri walioazima uwanja kwa mkutano wakaacha mashimo ya nguzo za maturubai. Sisi Wapare tunataniwa kwamba tunapenda kesi, kwamba mtu wa kwetu yuko radhi apoteze ng'ombe kuliko kupoteza shauri, na kwa huyu utani ulikaribia ukweli: aliwahi kulifikisha kwa mtendaji wa kata suala la gunia moja la chokaa lililoachwa likanyeshewa mvua, na akashinda. Hatukuwa marafiki. Tulikuwa watu wawili wanaogombea kivuli kimoja cha jukwaa saa kumi jioni timu ikiwa mazoezini, yeye akishona wavu, mimi nikitafuta cha kuandika.

Timu yenyewe mnaijua, na kama mmechoka nayo hamjanifikia mimi. Ni timu ya kulipwa. Wachezaji wana mikataba, wana jezi zenye nembo ya mdhamini, na wana uchovu ule ule wa sisi tunaowatazama. Msimu wa juzi tulinusurika kushuka daraja siku ya mwisho. Msimu uliopita tukanusurika kwa mechi ya mchujo, kwa goli ambalo hadi leo sijui lilimgonga nani. Kilichotuokoa mara zote mbili hakikuwa ufundi, kilikuwa uwanja. Ulikuwa mgumu kama sakafu, kokoto juu, upepo wa tambarare ukielekea goli la kusini kila alasiri, na vijana wetu walijua mpira ukidunda pale utaishia wapi. Kipindi cha kwanza tulijihami. Kipindi cha pili tulibadilisha upande, tukabutua mipira mirefu na upepo, na wageni wakaanza kumlalamikia mwamuzi kwamba vumbi limewaingia machoni. Haukuwa mpira wa kumwita jirani aje kutazama, lakini ulitupa pointi, na katika safu hii niliutetea zaidi ya mara moja.

Kisha, kabla ya msimu huu kuanza, akaja kocha mkuu mpya. Ni kijana kwa kipimo changu, hajafika arobaini, mpole, na kila kitu anakiandika kwenye daftari dogo la mistari. Siku ya kwanza ya mazoezi alizunguka uwanja mzima kwa miguu, akiinama mara kwa mara kupapasa ardhi, halafu akamfuata mtunza uwanja pale kivulini tulipokuwa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwalimu. Karibu Same."

"Asante sana. Mzee wangu, hapa mpira hauwezi kutembea chini. Vijana wanaupiga juu kwa sababu chini panawaumiza. Mimi nahitaji nyasi."

Mzee hakuacha kushona wavu. "Nyasi ni maji, mwalimu. Na maji huku hufungui tu kama bomba. Maji yana zamu."

"Zamu ya nani?"

"Ya watu. Hata mimi ninayo. Jumanne."

Kocha akafungua daftari akaandika Jumanne, na mimi nikacheka, nikadhani mazungumzo yameishia hapo.

Kwa msomaji wa mbali asiyejua: kwetu maji ya mlimani hukusanywa usiku kucha kwenye bwawa la udongo tunaloliita ndiva, asubuhi ndiva huzibuliwa, maji yakashuka kwa mfereji, na kila mwenye shamba ana siku yake na saa zake. Utaratibu huu tuliukuta kwa babu zetu na hatujapata ulio bora zaidi. Kuiba zamu ya mwenzako ni jambo la kupelekana mbali, na hata yako mwenyewe huwezi kuihamisha kienyeji. Ukitaka maji yako yaende kwingine unasimama mbele ya kamati ya mfereji uombe. Mzee alikuwa na shamba dogo la maharage pembezoni mwa mji, mfereji unapopita nyuma ya uwanja. Akaenda kuiomba kamati maji yake ya Jumanne yavuke barabara yaingie uwanjani. Nilimfuata, nikijua sitakosa cha kuchekesha. Mwenyekiti wa kamati, mama mmoja asiyepoteza maneno, alimtaka arudie ombi lake mara mbili.

"Na maharage yako umemwachia nani?"

"Yatasubiri mvua."

"Mvua gani, baba, mwezi huu?" Wajumbe wakacheka. "Maharage yanaliwa. Hizo nyasi zenu atazila nani?"

"Mama mwenyekiti, zamu ni yangu. Sijaomba ya mtu."

"Mkeo anajua?"

Hapo mzee alikohoa kidogo. "Atajua," akasema. Wajumbe wakacheka tena, mama naye akaandika kwenye kitabu chake kwamba ombi limekubaliwa.

Wiki hiyo hiyo akaitisha msaragambo, ile kazi ya wote tunayoifanya tukichimba barabara au kuzibua mifereji. Sijui aliwavutaje watu, maana ulimi wa kuvuta watu hakuwa nao. Walikuja na ukoka kwenye viroba, wengine wakitokea kingo za vijito vya huko juu, wengine kijijini Maore. Kwaya moja ya Kilutheri ilishuka na majembe ikapanda kona nzima huku ikiimba sauti zote nne. Wachezaji walipiga magoti wakichomeka vipande vya ukoka ardhini, na kocha alikuwa wa kwanza kupiga magoti na wa mwisho kunyanyuka. Baada ya miezi miwili uwanja ulikuwa wa kijani wakati tambarare yote imekuwa rangi ya gunia. Siku moja mfugaji wa Kimaasai, mtu mzima, alisimama kwenye seng'enge na ng'ombe wake waliobaki mbavu. "Mnazinywesha, halafu haziliwi na mtu wala ng'ombe?" akauliza. "Ni za mpira," mzee akamjibu. Yule bwana akalirudia neno hilo taratibu, mpira, bila dharau yoyote, kama mtu anayejaribu kuelewa msiba wa jirani. Nilitegemea ugomvi. Mzee akachukua fyekeo, akafyeka ukoka wote wa nje ya mistari, akamtupia mafungu upande wa pili wa seng'enge, na tangu siku hiyo kila Ijumaa mafungu yalikuwa yakisubiri pale. Jambo hilo sikuliandika wakati ule kwa sababu sikuona utani ndani yake.

Mechi ya kwanza ya nyumbani tulikutana na timu ya jijini, yenye basi jipya na wachezaji waliokulia kwenye nyasi. Siku moja kabla, Jumanne ya zamu yake, kocha alimwomba mzee aunyweshe uwanja vizuri, ili mpira uteleze chini kama alivyokuwa akifundisha, na mzee akafanya alivyoombwa. Wageni walipokanyaga pale siku ya mechi niliona nyuso zao zikikunjuka. Walicheza kama wako kwao. Vijana wetu, watoto wa kokoto, waliteleza wakaanguka, waliinuka wakateleza tena, pasi zikawa fupi mno au ndefu mno. Tulifungwa tatu bila. Baada ya mechi nilimkuta kocha mlangoni pa chumba cha kubadilishia nguo, jasho halijamkauka, akaniambia bila kuulizwa: "Kaka, andika kwamba maji niliomba mimi. Mzee alinionya kwamba vijana hawajauzoea, nikang'ang'ania. Kosa ni langu." Niliyaandika maneno hayo kwenye karatasi yangu. Kisha nikaenda nyumbani kuandika safu, na mstari ukanijia, mtamu mno: kwamba tumepata mtunza uwanja mkarimu kuliko wote nchini, ametandika kitanda, wageni wakalala. Maneno ya kocha yangeingia hapo, utani ungekufa. Nikayaacha kwenye karatasi.

Yaliyofuata mnayajua, kwa sababu ninyi ndio mliouchukua mstari ule mkatembea nao. Waendesha bodaboda wakamwita Mzee Kitanda. Mechi iliyofuata upande mmoja wa uwanja uliuimba tangu dakika ya kwanza, na yeye alikuwa amesimama nyuma ya goli na ndoo ya chokaa. Mwenyekiti wa klabu aliusoma kwa sauti kwenye kikao, wajumbe wakacheka, na walipomaliza kucheka wakaamua uwanja usinyweshwe tena. Zamu ya Jumanne ikarudi kwenye shamba ambalo maharage yake yalikwisha kufa. Mvua za vuli nazo zilitudanganya. Kufikia Krismasi ukoka ulikuwa umekauka mabaka mabaka, na sisi tukabaki hatuna hili wala lile: kocha anafundisha pasi za chini kwenye uwanja usiofaa tena kwa pasi, na wachezaji wamekwisha kusahau kubutua. Tumeburuza mkia tangu hapo. Sisemi kwamba safu moja ya gazeti inaweza kuishusha timu daraja. Nasema kwamba ule ukoka ulikuwa na miezi miwili tu ardhini, na mimi nilikuwa mmoja wa walioukatia maji.

Alinifuata mara ya kwanza siku chache baada ya gazeti kutoka. Nilijiandaa kwa kesi. Nilikuwa hata nimepanga utetezi wangu, kwamba utani ni utani, kwamba mwandishi ana uhuru wake.

"Mwandishi, mwalimu amenieleza kwamba alikwambia."

"Aliniambia, mzee."

"Basi andika. Aya moja tu. Sitaki unisifu. Andika alivyosema."

"Wiki ijayo, mzee wangu."

"Sawa," akasema, na akaenda zake, bila kelele.

Wiki iliyofuata kulikuwa na sakata la mwamuzi. Iliyofuata, mshambuliaji wetu alitoroka kambini. Baada ya hapo ikaja sikukuu, ikaja duru ya pili, na kila Jumanne nikikaa kuandika niliona kuna jambo la moto zaidi, na ile aya nikiisogeza mbele kidogo. Mwaka ulipobadilika alinikumbusha tena pale kivulini, bila kuinua macho kutoka kwenye wavu. "Ile aya." Nikamjibu, "Ipo, mzee, ipo." Mtu aliyempeleka mwenzake kwa mtendaji kwa ajili ya gunia la chokaa hakunipeleka mimi popote. Nimejiuliza sana kwa nini. Jibu ninalolipata silipendi: nadhani aliona kwamba nikisema nitaandika, nitaandika.

Masika yalipoanza ukoka ulirudi wenyewe, bila mtu kuunywesha. Mzee aliufyeka ukawa sawa, akachora mistari, na kwenye uwanja ule tukashinda mechi mbili mfululizo kwa mpira wa chini, mpira mzuri, hata mimi niliyechoka nilisimama nikapiga makofi. Nikaandika safu ndefu kumpongeza kocha. Nafasi ilikuwepo humo, aya moja ingeenea bila kumsonga mtu, na wala haikunijia. Naandika hivi nikiona aibu. Tumefikia mahali ambapo mpira ni kocha, mchezaji, mdhamini na sisi tunaopiga domo. Anayeamka kabla ya wote ili mchezo uwezekane tunamkumbuka siku mistari ikipinda. Na tumekuwa watu wa kutaka mabadiliko yafike kabla ya Jumapili. Kocha aliomba misimu miwili, tukampa dakika tisini. Jamii hii iliyojua kuchimba mfereji mtu akijua kwamba maji yatamfikia mwanawe, leo haiwezi kuvumilia ukoka ushike mizizi. Nilikuwa nikisingizia uchovu. Lakini uchovu haukunizuia kutunga utani, ulinizuia kuurekebisha tu, na mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.

Tulimzika Jumamosi kijijini kwao, juu, kwenye njia ya kwenda Vudee, ukungu ukiwa umelala kwenye migomba mpaka saa tano. Timu nzima ilipanda. Kocha alibeba jeneza bega la kushoto mbele na hakukubali kupokewa. Yule mama mwenyekiti wa kamati ya mfereji alikuwepo, kwaya iliyopanda kona ilikuwepo, na wakati wa salamu za rambirambi mwenyekiti wa klabu alisema maneno mazuri kuhusu marehemu na uwanja wake wa kijani, bila kukumbuka aliyeamua ukauke. Sikuwa na haki ya kumnyooshea kidole. Baada ya maziko nikaingia ndani kumpa pole mjane, nikakuta amekaa kwenye mkeka na ndugu zake, kanga kichwani, macho yamekauka.

"Pole sana, mama."

"Asante, baba. Wewe ndiye wa gazeti?"

"Ndiyo, mama."

Alisogea akanipa nafasi nikae. "Zamani mzee alikuwa hanunui gazeti," akasema. "Mpira alikuwa anausikiliza redioni. Tangu ile mechi ya maji, kila Jumatano ananunua. Anafungua ukurasa wako, anasoma mpaka chini kabisa, halafu analikunja ananipa niwashie moto. Nikamuuliza, unatafuta nini humo kila wiki? Akasema, kuna aya yule bwana ameniahidi, yuko njiani anaandika." Hakuwa ananishtaki, alitaka kujua tu, kama mtu anayeuliza kama mgeni aliyetarajiwa amefika. "Mimi macho yangu hayaoni herufi. Hata Jumatano hii, akiwa kitandani hospitali, alimtuma nesi amletee. Je, ilikuwemo?"

Nikamwambia haikuwemo. Akatikisa kichwa taratibu, akasema, "Basi itakuwa wiki ijayo."

Hii hapa, basi. Maji yaliyonyweshwa uwanja wa Same siku moja kabla ya mechi yetu ya kwanza ya nyumbani yaliombwa na kocha mkuu, ambaye alikiri mwenyewe siku ile ile na kuniomba niandike. Mtunza uwanja alimwonya, kisha akatii. Maji hayo yalikuwa zamu ya shamba lake mwenyewe, na alipoteza maharage yake yote kwa ajili ya timu ambayo haikumshukuru. Mimi niliujua ukweli huu nilipokuwa naandika utani wangu, na niliuficha kwa sababu ungeuharibu.

Aya moja, kama alivyosema. Imenichukua dakika chache kuiandika, na miezi mingi kukubali kukaa chini. Nitapanda mlima na gazeti hili nimsomee mjane wake, maana hilo bado linawezekana, lakini sitajidanganya kwamba nimetimiza ahadi. Anayestahili neno la haki analistahili akiwa bado anaweza kulisoma. Tukimwandikia baadaye, anayenufaika ni sisi, tunapata usingizi, naye alikufa ametafuta jina lake ukurasa mzima hadi chini.